Daktari Albert Cook wa Mengo na Kadi ya Mama Mja Mzito



Kila juma katika zahanati zetu za Musoma, Bunda na Butiama, akina mama waja wazito hupanda juu ya mizani, na muuguzi huandika namba katika kadi. Jambo hili limekuwa la kawaida hata wengi hawaulizi tena lina faida gani. Wengine huliona kuwa usumbufu, wakisema kwamba mimba si ugonjwa na kwamba bibi zetu walizaa bila kupimwa. Ndiyo sababu katika toleo hili tumeona vema kusimulia maisha ya mtumishi mmoja wa Kanisa letu aliyefanya kazi ng'ambo ya ziwa, yaani Sir Albert Cook wa Uganda, pamoja na mkewe Katharine. Hatusemi kwamba yeye ndiye aliyebuni upimaji huo wa uzito. Tunasimulia habari zake kwa sababu alishika mambo mawili ambayo bila hayo mizani haina kazi: kumwona mama mapema kabla ya siku ya uchungu, na kuandika alichokiona.

Albert Ruskin Cook alizaliwa London tarehe 22 Machi 1870. Alisoma katika Chuo cha Trinity huko Cambridge, kisha akajifunza udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, London. Kijana mwenye elimu kama hiyo angeweza kufungua kazi yake kwao na kuishi kwa raha. Yeye alijitolea kwa chama cha CMS, na mwaka 1896 akakubaliwa kwenda Uganda.

Njia ya Uganda ilikuwa imekwisha kugharimu maisha ya watu. Wasomaji wa Bunda wanaovuka kutoka Kisorya kwenda Ukerewe na wakumbuke kwamba ni katika kisiwa hicho wamisionari wawili wa CMS, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa mwezi wa Desemba 1877. Miaka karibu 20 baadaye safari ilikuwa bado ngumu. Reli ilikuwa haijafika ziwani, maana ilifika Kisumu mwaka 1901. Basi Daktari Cook na wenzake walitembea kutoka Mombasa mpaka Mengo kwa muda wa miezi kama mitatu, wakafika mwezi wa Februari 1897. Katika msafara huo alikuwamo muuguzi mmoja, Katharine Timpson. Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa wauguzi wa kwanza wa Mengo, na mwaka 1900 akafunga ndoa na Daktari Cook.

Hospitali ya Mengo ilianza mwaka huo huo wa 1897, kwa majengo ya miti na nyasi. Wagonjwa walikuja wengi kupita nafasi. Mwaka 1899 alifika ndugu yake, Daktari John Howard Cook, wakafanya kazi pamoja. Mwaka 1902 radi ilipiga hospitali ikateketea kwa moto. Hawakukata tamaa. Walijenga upya kwa matofali, na kufikia mwaka 1904 hospitali mpya ilikuwa ikipokea wagonjwa.

Sasa tuseme juu ya tabia yake moja. Tangu mwanzo Daktari Cook aliandika habari za wagonjwa wake: jina, kabila, ugonjwa, dalili, dawa aliyotoa, na mwisho wa mgonjwa, kama alipona au alifariki. Hakuandika kwa siku chache tu za bidii ya mgeni. Maandishi ya Mengo yaliendelea mwaka baada ya mwaka, katika vita, katika njaa na katika tauni. Kwa mtu aliyechoka na kazi ya kutwa nzima, kukaa chini usiku na kuandika ni mzigo. Lakini ndugu hao wawili walijua kwamba kumbukumbu ya kichwani hudanganya, na kwamba ugonjwa hujulikana kwa kulinganisha.

Faida ya tabia hiyo ilionekana mapema. Mwaka 1901 ndugu hao waligundua wagonjwa wa kwanza wa malale katika Uganda. Kwa sababu walikuwa wakichunguza na kuandika, walitambua kwamba ugonjwa huo hawakuwa wameuona kabla ya hapo. Malale yaliua watu zaidi ya 200,000 kando ya ziwa la Nyanza katika miaka iliyofuata, na hata huku kwetu Wajerumani walilazimika kuweka kituo cha kuyapiga vita pale Shirati. Wazee wa pwani ya ziwa walirithi habari za vijiji vilivyohamwa wakati ule.

Lakini jambo lililomsumbua sana yeye na mkewe lilikuwa vifo vya akina mama na watoto wachanga. Si kwamba watu wa Afrika Mashariki hawakuwa na ujuzi wa uzazi. Mwaka 1879 Daktari Robert Felkin, aliyefika Uganda pamoja na CMS, aliona huko Bunyoro mganga wa kienyeji akimpasua mama tumboni ili kumtoa mtoto. Mganga yule alitumia pombe ya ndizi kumlevya mama na kuoshea mikono, na mama akapona. Wakunga wa kijijini nao walikuwa na mikono iliyozoea kazi. Shida kubwa ilikuwa kwamba mama mwenye hatari hakujulikana mpaka hatari imekwisha kumfikia. Mama aliyeletwa hospitalini kwa machela baada ya uchungu wa siku nyingi, mtoto amekwisha kufa tumboni, hata daktari hodari hakuwa na mengi ya kumfanyia.

Wakati huo huo, huko Edinburgh katika nchi ya Scotland, Daktari John William Ballantyne alikuwa akihubiri jambo jipya. Mwaka 1901 aliandika kuomba kwamba hospitali za wazazi ziwapokee pia wanawake ambao siku zao bado, ili wachunguzwe kabla ya kuzaa. Mwaka 1915 kliniki ya waja wazito ilianzishwa katika mji ule. Mwaka 1929 serikali ya Uingereza ilitoa utaratibu kwamba mama aonwe kwanza katika wiki ya 16, kisha ya 24 na ya 28, halafu kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya 36, na baada ya hapo kila wiki mpaka ajifungue. Wasomaji wataona kwamba kliniki tunazozijua leo zimetoka huko.

Katharine Cook hakungoja utaratibu huo. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, yeye na mumewe walianzisha shule ya kuwafundisha wasichana wa Uganda ukunga, na mwaka 1921 shule hiyo ilifunguliwa rasmi kwa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana. Wasichana waliojua kusoma na kuandika walifundishwa kwa Kiganda, na Daktari Cook akatunga kitabu cha ukunga kwa lugha hiyo. Waliohitimu walipelekwa vijijini kufungua vituo vya uzazi. Katika vituo hivyo mkunga hakukaa tu akisubiri mama wa uchungu. Aliwaita waja wazito mapema, akawachunguza, akaandika, na aliyeonekana kuwa na hatari akapelekwa Mengo wakati bado kuna nafasi. Bi. Katharine mwenyewe, ingawa umri ulikuwa umekwenda, alizunguka kuvikagua vituo hivyo.

Tusiandike maisha ya mtu kana kwamba hakuwa na kosa. Daktari Cook alikuwa mtu wa wakati wake. Pamoja na maofisa wa serikali, aliamini kwamba karibu taifa zima la Waganda lilikuwa na kaswende, na kwamba sababu yake ilikuwa tabia mbaya. Madaktari wa baadaye walieleza kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa ule huenda ilikuwa buba na maradhi mengine yanayofanana na kaswende, ambayo hayaambukizwi kwa zinaa. Wanawake wengi walihukumiwa bure, na wengine wakaona kuchunguzwa kuwa ni aibu. Hapa tuna somo. Mama asipoheshimiwa anapopimwa, hatarudi mara ya pili, na namba iliyoandikwa mara ya kwanza inakuwa kazi bure.

Daktari Cook alipewa heshima ya Sir mwaka 1932, akastaafu mwaka 1934. Bi. Katharine alifariki mwaka 1938. Mumewe hakurudi kwao Uingereza kumalizia uzee. Alibaki Kampala mpaka alipofariki mwezi wa Aprili 1951, akazikwa Namirembe, karibu na kanisa kuu.

Lakini maandishi yake hayakuzikwa. Mwaka 1964 madaktari wa Makerere walitoa matokeo ya kuchambua habari za wagonjwa wa Mengo tangu mwaka 1897 hadi 1956, wakaweza kuonyesha ni saratani zipi zilikuwapo Uganda tangu zamani na zipi hazikuwapo. Mtu aliyekuwa akiandika kwa taa ya mafuta hakujua swali hilo litakuja kuulizwa. Aliandika kwa uaminifu tu, na jibu likapatikana miaka 60 baadaye.

Ndugu wasomaji, sasa turudi kwenye mizani ya zahanati zetu. Kadi ya mama mja mzito ni mdogo wake na yale madaftari ya Mengo. Tuchukue mfano. Mama mmoja anafika kliniki kwa mara ya kwanza akiwa na mimba ya miezi saba, na mizani inaonyesha kilo 60. Je, kilo hizo ni habari njema au mbaya? Hakuna awezaye kusema. Kama alikuwa na kilo 53 katika mwezi wa tatu, basi amekwenda vizuri. Kama alikuwa na kilo 60 zile zile, basi miezi minne imepita na hakuongeza kitu, na huenda mtoto tumboni hakui inavyotakiwa. Sisi tuliofundisha shule tunajua kwamba alama za mtihani mmoja hazionyeshi kama mtoto anapanda au anashuka. Ni lazima kuwe na za muhula uliopita.

Watu huuliza uzito huo unakwenda wapi, maana mtoto mwenyewe huzaliwa na kilo tatu na kitu. Wataalamu wamehesabu hivi kwa mama mwenye afya ambaye ameongeza kilo 12 na nusu. Mtoto huchukua kilo 3.4, kondo la nyuma karibu 0.7, maji yanayomzunguka mtoto 0.8, mji wa mimba karibu kilo moja, matiti 0.4, damu iliyoongezeka karibu kilo moja na nusu, na maji mengine ya mwilini kadiri hiyo hiyo. Zinazobaki, kilo tatu na zaidi kidogo, ni mafuta ambayo mwili huweka akiba kwa ajili ya kunyonyesha. Kwa hiyo mama anayenenepa wakati wa mimba hajawa mvivu wala mlafi. Anaweka ghalani chakula cha mtoto.

Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2009, unaotajwa katika nchi nyingi, unasema mama mwenye uzito wa kawaida aongeze kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba nzima. Aliyekuwa mwembamba sana aongeze 12.5 hadi 18, mnene aongeze 7 hadi 11.5, na mnene kupita kiasi aongeze 5 hadi 9. Baada ya miezi mitatu ya kwanza, mama wa kawaida huongeza karibu nusu kilo kwa wiki, au pungufu kidogo. Asitishike mtu akipungua kidogo mwanzoni kwa sababu ya kutapika, lakini amweleze muuguzi.

Hapo zamani hata madaktari walikosea. Kwa miaka mingi huko Ulaya na Marekani waliwaamuru waja wazito wasile sana, wakidhani mtoto mdogo atazaliwa kwa urahisi na mama ataepuka kifafa cha mimba. Mafundisho hayo yalibadilika ilipoonekana kwamba mama akikosa chakula, mtoto huzaliwa hafifu. Wakati wa njaa ya Uholanzi katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, watoto ambao mama zao walikosa chakula katika miezi ya mwisho ya mimba walizaliwa wakiwa wamepungukiwa gramu kama 300. Mwaka 1970 wataalamu wa Marekani waliacha rasmi ushauri ule wa kujinyima. Huku kwetu tumesikia neno lile lile vijijini, kwamba mja mzito asile mayai, au ale kidogo ili mtoto asiwe mkubwa. Neno hilo tuliache kama madaktari wa Ulaya walivyoliacha. Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 ana hatari kubwa zaidi ya kufa katika siku zake za kwanza, na mama aliyedhoofika hana nguvu ya kustahimili uchungu wala kutokwa damu.

Tena mizani huonya upande wa pili. Uzito ukiruka ghafula, zaidi ya kilo moja kwa wiki, na mama amevimba uso na mikono, anaumwa kichwa sana au macho yana ukungu, hiyo yaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba. Asingoje siku ya kliniki, aende hospitali siku hiyo hiyo. Lakini mizani peke yake haitoshi kutambua ugonjwa huo, maana wako wanaougua bila uzito kuruka. Ndiyo sababu muuguzi hupima pia shinikizo la damu na mkojo, na tena hupima damu kuona kama imepungua. Mama asikubali kuondoka akiwa amepimwa uzito tu.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 lilishauri kwamba mja mzito akutane na watumishi wa afya mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12 kutimia. Kwetu Mara mama wengi bado huficha mimba mpaka ionekane yenyewe, wengine kwa haya, wengine kwa kuogopa husuda, na wengine kwa sababu nauli haipo na jembe linangoja. Haya si mambo ya mama peke yake. Mume anayeuza dagaa wote au maziwa yote, na mkewe akabaki na ugali na mboga tu, ndiye anayeifanya namba ya kadi isipande. Dagaa wa ziwa letu, maharage, maziwa, mayai, mchicha na uji wa ulezi vinapatikana hapa hapa. Katika miezi ya kabla ya mavuno, chakula kikiwa haba, mja mzito na apakuliwe kwanza. Na ndoo za maji na mizigo ya kuni wabebe wengine.

Tunaomba basi kila mume aijue namba iliyoandikwa katika kadi ya mkewe mwezi huu, na namba ya mwezi uliopita, na aone kama imepanda. Tunaomba umoja wa akina mama katika kila mtaa wa parishi uwajue waja wazito wake, uwatembelee, na uwasindikize kliniki wale wanaoona haya. Mariamu alisafiri mpaka milimani kumwona Elisabeti katika mwezi wake wa sita, akakaa naye kama miezi mitatu. Hakwenda kumpongeza siku moja na kuondoka. Kazi ya Daktari Cook na Bi. Katharine ilikuwa ya namna hiyo hiyo, kumwona mama mapema na kumwona tena.

Na wewe mama uliye na kadi, itunze isiloe wala isipotee, uwe nayo kila uendako kliniki, na siku ya uchungu uifikishe hospitalini pamoja na kanga zako. Mkunga atakayekupokea usiku huenda hajawahi kukuona. Kadi hiyo itamweleza habari zako za miezi yote wakati wewe huna nguvu ya kusema.

Bwana awalinde akina mama wote wanaongoja siku zao, na watoto walio tumboni mwao. Amina.